Msaada Unaofunga Midomo

Tarehe 24 Januari 2025, siku ya nne tangu kuapishwa kwake, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ambayo wafanyakazi wa afya wa Afrika wameizoea kama wanavyozoea masika na kiangazi. Amri hiyo ilirudisha sharti la zamani: chama chochote cha hiari cha nchi ya kigeni kinachotaka fedha za Marekani kwa kazi za afya lazima kwanza kiahidi kwamba hakitatoa mimba kama njia ya kupanga uzazi, hakitamwelekeza mwanamke mahali pa kwenda kutoa mimba, wala hakitaiomba serikali ya nchi yake ilegeze sheria inayohusu jambo hilo. Na ahadi hiyo haihusu fedha za Marekani peke yake. Yahusu kila senti iliyomo katika mfuko wa chama hicho, hata ile iliyochangwa na wanachama wake wenyewe.

Sharti hili lilitangazwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1984, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya idadi ya watu uliofanyika katika mji wa Mexico, wakati wa utawala wa Rais Reagan. Rais Clinton akalifuta Januari 1993. Rais Bush mdogo akalirudisha Januari 2001. Rais Obama akalifuta Januari 2009. Rais Trump akalirudisha Januari 2017, tena akalipanua. Rais Biden akalifuta Januari 2021. Ya mwaka 2025 tumekwisha kuyataja. Msomaji ataona kwamba mambo haya hutokea Januari, wala si ajabu, kwa maana huo ndio mwezi ambao mshindi wa uchaguzi wa Marekani hukalia kiti chake, na sharti hili limekuwa mojawapo ya zawadi za kwanza anazowapa waliompigia kura. Hatuna ugomvi na Mmarekani anayempa zawadi mpiga kura wake. Tunauliza tu kwa nini zawadi hiyo ilipiwe na mwanamke wa Kisumu, wa Tabora au wa Goma, ambaye hakuipiga kura hiyo wala hakuulizwa.

Yafaa kwanza tutenganishe kamba mbili, maana watu wengi huzichanganya, na wakati mwingine hata viongozi wetu.

Kamba ya kwanza ni sheria. Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Roe v. Wade, kwamba mwanamke wa nchi hiyo ana haki ya kutoa mimba. (Mahakama hiyo hiyo iliutengua uamuzi huo mwezi Juni 2022.) Wale walioshindwa mahakamani wakatafuta uwanja mwingine. Mwezi Desemba mwaka ule ule wa 1973, Bunge la Marekani likapitisha rekebisho lililoletwa na Seneta Jesse Helms wa North Carolina katika Sheria ya Misaada kwa Nchi za Nje ya 1961. Rekebisho hilo lakataza fedha za msaada zisilipie utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi, wala zisitumike kumshawishi au kumlazimisha mtu atoe mimba. Idara ya misaada ya Marekani yenyewe, USAID, ililipinga wakati ule, lakini haikusikilizwa. Mwaka 1981 vikaongezwa vifungu vya kukataza fedha hizo zisitumike katika utafiti wa njia za kutoa mimba, wala katika kampeni za kubadili sheria. Mwaka 1985 kikaja kifungu cha Kemp-Kasten, kinachomwezesha Rais kulinyima fedha shirika lolote ambalo yeye ataamua kwamba linaunga mkono mpango wa kuwalazimisha watu kutoa mimba au kufungwa uzazi. Kwa kifungu hicho Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, limenyimwa fedha mara kadhaa kwa sababu ya kazi zake katika China. Mwaka 2002 wajumbe waliotumwa China na Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani walirudi wakasema hawakuona ushahidi kwamba shirika hilo liliunga mkono jambo hilo kwa kujua. Fedha zilizuiwa vile vile.

Kamba ya pili ndiyo ile amri ya Januari. Hii si sheria iliyotungwa bungeni. Mara moja tu, mwaka 1999, ilichomekwa katika sheria ya bajeti ya mwaka mmoja, ikiwa imelegezwa kidogo, katika mapatano yaliyoihusu Marekani kulipa deni lake kwa Umoja wa Mataifa. Miaka mingine yote imekuwa kalamu ya mtu mmoja.

Tofauti ya kamba hizi si ndogo. Mtu akikuazima jembe anaweza kukuambia: usilimie tumbaku. Jembe ni lake, na ukilipokea umekubali. Lakini akikuambia kwamba, kwa kuwa amekuazima jembe, basi hata shoka lako na panga lako ulilolinunua kwa jasho lako visiguse tumbaku, na tena usizungumze habari za tumbaku katika baraza la kijiji, mtu huyo haazimi jembe. Ananunua shamba kwa bei ya jembe.

Tuseme wazi, asije mtu akatugeuzia maneno. Hatuandiki haya kusifu utoaji mimba. Miongoni mwa wasomaji wetu wako Waislamu na Wakristo ambao wanaliona jambo hili kuwa zito mbele ya Mungu, nasi tunawaheshimu. Wako pia wakunga na wauguzi waliopata kumpokea binti usiku wa manane, amekwisha kuharibiwa na vijiti na dawa za kienyeji, nao wana fikira zao zilizotokana na waliyoyaona. Ubishi huo ni wetu. Tutaubishana misikitini, makanisani, katika matawi na mwishoni bungeni, kama tulivyoubishana siku zote. Hapa Tanzania Kanuni ya Adhabu yakataza kutoa mimba, isipokuwa kwa kuokoa uhai wa mama. Wakenya, katika Katiba yao ya 2010, waliandika kwamba yaruhusiwa pale ambapo mtaalamu wa afya ataona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Nchi za Afrika zilikutana Maputo mwezi Julai 2003 zikatoa mkataba wa haki za wanawake, ambao kifungu chake cha 14 chazitaka serikali ziruhusu jambo hilo kwa mwanamke aliyebakwa, aliyepewa mimba na maharimu, au ambaye mimba yahatarisha afya au uhai wake. Wako waliotia sahihi, wako waliotia sahihi kwa masharti, na wako waliokataa. Sheria hizi hazifanani, wala hakuna aliyesema lazima zifanane. Lakini zote zimetungwa na watu ambao tunaweza kuwapigia kura na kuwanyima kura.

Sasa twende Kongo ya Mashariki, ambako ndugu zetu wanasema Kiswahili kama sisi. Tangu 1996 vita vya huko vimekuwa vikilipuka, vikitulia na kulipuka tena, na katika vita hivyo mwili wa mwanamke umefanywa uwanja wa mapigano. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018 kwa kazi yake ya kuwatibu wanawake hao. Mwezi Machi mwaka ule ule serikali ya Kongo iliuchapisha Mkataba wa Maputo katika gazeti lake rasmi, na kwa hiyo ukapata nguvu ya sheria katika nchi hiyo. Basi chukueni mfano wa msichana aliyekamatwa na watu wenye bunduki njiani akitoka shambani, akatembea siku mbili hadi kituo cha afya kilichojengwa na kuendeshwa kwa fedha za msaada wa Marekani. Muuguzi wa kituo hicho aweza kumsafisha majeraha. Aweza kumpa vidonge vya kuzuia UKIMWI. Lakini akirudi baada ya wiki sita na kusema kwamba ana mimba ya mmoja wa watu wale na kwamba hawezi kuibeba, sheria ya nchi yake yasema anaweza kusaidiwa, na fedha zinazolipa mshahara wa muuguzi zasema haiwezekani.

Mtu aliyesoma kifungu cha Helms kwa makini ataona jambo la ajabu. Kimekataza utoaji mimba kama njia ya kupanga uzazi. Ni nani awezaye kusema kwamba aliyebakwa alikuwa akipanga uzazi? Hata ile amri ya Januari, pamoja na ukali wake wote, imekuwa ikiwatoa waliobakwa, waliopewa mimba na maharimu na wale ambao uhai wao umo hatarini. Lakini kifungu cha 1973 kimetumiwa kwa miaka yote kana kwamba maneno hayo hayamo ndani yake. Na hapa tusidanganyane kwa kudhani kwamba chama kimoja cha Marekani ni rafiki na kingine ni adui. Rais Clinton, Rais Obama na Rais Biden walifuta amri ya Januari kwa mbwembwe, lakini kifungu cha Helms kilibaki vile vile, na yule msichana hakuongezewa chochote. Tena fedha hizo hizo zinaruhusiwa kumtibu akiisha kujiharibu mwenyewe. Hazimsaidii angali mzima. Zinamngojea avuje damu.

Liko na tatizo la woga. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilikubali maelezo, yaliyoletwa na Seneta Leahy, kwamba kumpa mwanamke habari na ushauri juu ya njia zote zilizoruhusiwa na sheria ya nchi yake hakuhesabiwi kuwa ni kumshawishi. Lakini ni wangapi katika vituo vya afya wameyasikia maelezo hayo? Mkuu wa kituo ambaye mishahara ya watu ishirini yamtegemea yeye hasomi vifungu. Anasikia tu kwamba Wamarekani hawataki neno hilo litamkwe, naye analifuta katika vitabu vya mafunzo, anavua karatasi ukutani, na muuguzi anafundishwa kusema hajui. Ndiyo maana walio wengi wameiita amri hii kuwa ni ya kufunga midomo, na jina hilo limeifaa.

Je, baada ya yote hayo, mimba zinazotolewa zimepungua? Swali hili limechunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, hapo hapo Marekani. Uchunguzi wa kwanza, uliotolewa mwaka 2011 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, ulitazama nchi 20 za Afrika tangu 1994 hadi 2008. Ulionyesha kwamba baada ya Rais Bush kuirudisha amri mwaka 2001, katika nchi zilizotegemea zaidi fedha hizo uwezekano wa mwanamke kutoa mimba ulizidi mara mbili na nusu. Uchunguzi wa pili, katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2019, ulitazama nchi 26 na kuona kwamba katika nchi hizo zilizotegemea zaidi, wakati amri ilipokuwa na nguvu, utoaji mimba ulipanda kwa kiasi cha asilimia 40, na matumizi ya njia za kisasa za kupanga uzazi yalishuka kwa asilimia 14. Amri ilipofutwa, hali ikarudi nyuma.

Sababu yake haihitaji elimu ya chuo kikuu. Chama kinachokataa kutia sahihi kwa kuwa hakitaki kumdanganya mgonjwa ni chama kile kile kinachopeleka vidonge, sindano na vitanzi vijijini. Akinyimwa fedha huyo, dawa zinakoma kufika, pikipiki ya mhudumu inakosa mafuta, mlango unafungwa. Mwanamke aliyekuwa akichoma sindano kila miezi mitatu anaikosa, anapata mimba asiyoitaka, na anakwenda kwa yule bibi wa uchochoroni. Mwaka 2001 chama cha uzazi wa majira cha Kenya, FPAK, kilikataa masharti hayo, kikakosa fedha, kikafunga baadhi ya zahanati zake. Zahanati hizo hazikuwa viwanda vya kutoa mimba. Watu walikwenda huko kupima watoto wao na kutibiwa magonjwa ya zinaa. Mwaka 2017 mambo yakawa mazito zaidi, maana sharti ambalo zamani lilihusu fedha za uzazi wa majira tu, kiasi cha dola milioni 600 kwa mwaka, lilitandazwa juu ya misaada karibu yote ya afya, kiasi cha dola bilioni 8.8, yaani hata fedha za UKIMWI, malaria na lishe ya watoto.

Hapa twataka kusema neno juu ya uhuru wa kusema, kwa kuwa wakubwa wa Washington hawachoki kutuhubiria habari zake. Katika amri zote kuanzia 1984 hadi ile ya 2017, chama cha Kimarekani chenyewe hakikukatazwa kutumia fedha zake nyingine kama kipendavyo. Kisingeweza kukatazwa, kwa sababu Katiba ya Marekani yalinda ulimi wa Mmarekani. Kilichofungwa ni ulimi wa Mwafrika, wa Mhindi na wa Mperu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mashirika ya nchi hiyo yanayopigana na UKIMWI hayawezi kulazimishwa kutangaza msimamo juu ya ukahaba ili yapate fedha. Mwezi Juni 2020 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba matawi ya mashirika hayo yaliyo katika nchi za nje hayana ulinzi huo. Twawashukuru majaji kwa kusema wazi jambo ambalo wengine hulifunika kwa maneno matamu.

Wako watakaotuambia: fedha ni zao. Ni kweli, na kwa kamba ya kwanza hatuna jibu kubwa. Mlipa kodi wa Marekani ambaye dhamiri yake yamkataza ana haki ya kusema shilingi yake isifanye kazi hiyo. Lakini hakuna dhamiri inayompa mtu haki juu ya shilingi ya mwenzake. Na taifa letu limekwisha kulijibu swali la namna hii. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi ilitutaka tuchague marafiki kwa shauri lake, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na uliobaki. Mwezi Desemba mwaka ule ule tulivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, tukaukosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Tuliumia. Miradi ilichelewa. Lakini hakuna aliyetuandikia sera yetu.

Leo tunajiuliza kama tungethubutu. Kwa maana yaliyotokea mwanzoni mwa 2025 yametufundisha jambo moja chungu kuliko amri yenyewe. Tarehe 20 Januari mwaka huo misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa siku 90 ili ichunguzwe. Zahanati zikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wa afya katika Afrika wakaambiwa wasirudi kazini, na tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kuendesha misaada. Wale waliokuwa wamekataa kutia sahihi walikuwa wamekwisha kuzikosa fedha zamani. Na wale waliotia sahihi, waliofuta maneno vitabuni na kuwafundisha wauguzi kunyamaza, wakazikosa pia. Miaka ya utii haikuwanunulia hata mwezi mmoja wa mshahara. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hakuwa ndugu.

Lakini tukiishia kuilaumu Washington tutakuwa tumeifanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo nyepesi. Mwezi Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ni robo karne sasa, na nchi zilizoitimiza ahadi hiyo ni za kuhesabu vidole. Hakuna Seneta wa North Carolina aliyetuzuia. Mwaka 2017 Uholanzi, Ubelgiji na nchi nyingine za Ulaya zilifanya mkutano Brussels kuziba pengo lililoachwa na Marekani, zikaahidi yuro milioni 181, nasi tukapiga makofi. Lakini kubadili mfadhili si kujitegemea. Mwaka 2025 Bunge la Nigeria liliongeza kiasi cha dola milioni 200 katika bajeti ya afya baada ya misaada kukatwa. Hazitoshi kwa nchi kubwa kama ile, lakini zimetoka katika mfuko wao, na hakuna atakayezitilia sharti ila Wanigeria wenyewe.

Kwa wafanyakazi wa afya waliokuwa wakilipwa na miradi twasema hivi: vyama vyenu vidai ajira zenu ziingizwe katika ikama ya serikali, hata kama ni kidogo kidogo, kwa kuanza na wakunga wa vijijini. Mishahara ya mradi ni mizuri, tunajua, na ya serikali ni midogo. Lakini mtu hawezi kufukuzwa kazi Nzega kwa sababu ya uchaguzi wa Ohio.

Na kwa wabunge wetu, ambao husema kwa ukali sana juu ya ubeberu wawapo majukwaani, tunalo ombi moja tu. Bajeti ya Wizara ya Afya itakapowasilishwa Dodoma, mwulizeni Waziri ni shilingi ngapi za kodi yetu zimetengwa kununua sindano, vidonge na vitanzi vya kupanga uzazi, na ni ngapi bado zangojea hisani ya wageni. Tutaitafuta tarakimu hiyo, nasi tutaichapa katika ukurasa huu huu, iwe kubwa au iwe ndogo.